Lile gofu la kanisa la mistari pale Nesebar: matundu ni ya nini, na kwa nini hawalirudishii kuba

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na picha zako nimezivuta mpaka zikaanza kufifia, kwa hiyo jibu litakuwa refu, tenga muda.

Kwa wengine mnaosoma: huyu kijana wetu anasoma ujenzi kule Sofia, Bulgaria. Wikiendi wakashuka na wenzake mpaka Nesebar, mji mdogo wa zamani ulio juu ya rasi kwenye Bahari Nyeusi, wakakuta gofu la kanisa juu ya ngema karibu na bandari, kuta zina mistari ya jiwe jeupe na tofali jekundu, kuba hakuna, ukiangalia juu unaona mbingu. Anauliza mambo manne: mistari ile ni urembo tu au ina kazi, yale matundu mengi ukutani ni alama za vita, ni kweli halikuwahi kusaliwa kwa sababu fundi alidondoka akafa, na kwa nini nchi inayopokea watalii wote wale isimwage zege ikarudisha kuba mambo yakaisha.

Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Yohane Aliturgetos, la karne ya 14. Sio kubwa, ni kama mita 18 na nusu kwa 10, uwanja wa nyumba ya kawaida tu huku kwetu, ila kwa ukubwa huo huo mdogo sijaona jengo linalofundisha uashi wa zamani vizuri kama lile. Nilifika mara mbili, na mara zote mbili nililizunguka kwa nje zaidi ya saa nzima kabla sijaingia.

Naanza na matundu, manake hapo ndo umeteleza, na ukiteleza kwenye matundu ukuta mzima utausoma vibaya.

Sio risasi wala mizinga. Rudi kwenye picha yako ya tatu uangalie tena kwa utulivu: yale matundu ya mraba yamejipanga kwenye mstari wa usawa, moja na lingine umbali unakaribiana, halafu ukipanda juu kama kimo cha mtu unakuta mstari mwingine wa matundu, na mwingine juu yake. Risasi hazijipangi hivyo. Hiyo ni mirunda, mdogo wangu, mirunda ile ile tunayoijua site. Mwashi wa enzi zile alikuwa akifika kimo ambacho mkono haufiki tena analaza vipande vya miti juu ya ukuta anaoujenga, ncha zinatokeza nje, anapanga mbao juu yake, anapanda, anaendelea, kwahiyo jukwaa linaning'inia kwenye ukuta wenyewe na miti inazungukiwa na mawe na udongo, yaani mchanganyiko wa chokaa unaoshikilia mawe. Kazi ikiisha wanashuka wakichomoa miti mmoja mmoja na kuziba tundu kwa kipande cha tofali. Miaka mia sita ya upepo wa bahari, vizibo vimedondoka, matundu yamebaki wazi. Ukichukua tepu ukapima kutoka mstari mmoja wa matundu mpaka mwingine umepata kimo cha kazi cha wale mafundi, yaani umejua walikuwa wanainua mikono mpaka wapi kabla ya kusema haya tuhamishe jukwaa. Mimi kila nikiona hilo najisikia kama nimewakuta bado wako juu pale.

Ila kuna matundu ya aina nyingine mbili ambayo usiyachanganye na hayo. Sehemu ambapo ukuta umevunjika ukaonekana ndani, tafuta mfereji unaokwenda kwa urefu wa ukuta, katikati ya unene wake, kama bomba la mraba lililolala. Humo kulikuwa na mbao. Wajenzi wa dola ya Bizanti, yaani dola ya Warumi wa mashariki, na majirani zao wa Balkani walikuwa na desturi ya kulaza magogo ndani ya ukuta kwa usawa, yanaungana kwenye pembe, yanafunga jengo zima kama mkanda. Kwa lugha ya site ni lenta, lenta la mti. Chokaa inakauka polepole mno, ukuta mbichi unahitaji kitu cha kuushika usisambae wakati unasubiri, na tetemeko likija ile mbao inavuta pale ambapo jiwe haliwezi kuvuta, maana jiwe na tofali ni hodari wa kubanwa na dhaifu sana wa kuvutwa, hili umeshalisoma darasani. Ubaya ni kwamba mti unaoza. Maji yanaingia, wadudu wanaingia, baada ya karne kadhaa mkanda haupo, limebaki handaki tupu ndani ya ukuta, na jengo halijui kwamba limefunguliwa mkanda mpaka siku ardhi inatikisika.

Aina ya tatu ni yale madogo ya duara yanayozunguka juu ya matao, yamefuatana kama shanga. Hapo palikuwa na vigae, na hapa naomba usogee karibu kabisa, pua ikaribie ukuta. Pale ambapo kigae bado kipo utaona duara dogo la kauri linalong'aa, lingine la kijani, lingine la njano kuelekea kahawia, na mengine hayana umbo la duara, yana majani manne kama ua. Ukidhani ni kisahani kilichobandikwa umekosea. Tafuta kimoja kilichovunjika nusu utaona nyuma yake kuna shingo, yaani kitu chenyewe ni kama kikombe kidogo chenye mdomo uliopanuka, shingo ndefu inaingia ndani ya ukuta na mdomo unabaki nje. Mfinyanzi alikifinyanga hivyo makusudi, mwashi akakichomeka kwenye udongo ukiwa mbichi, udongo ukaganda kuzunguka shingo, kwa hiyo hakibanduki kirahisi kama vigae vya bafuni. Maana yake mfinyanzi na mwashi walikaa pamoja kabla ya kazi, wakahesabu tao hili linachukua vingapi, kwahiyo tanuri la mfinyanzi lilikuwa sehemu ya ramani ya kanisa tangu siku ya kwanza. Mtu anayekwambia urembo ule uliongezwa baadaye mwonyeshe ile shingo.

Hapo tumeshaingia kwenye swali la mistari. Unauliza urembo au kazi, na mimi nasema kwa wale mafundi swali hilo lisingeeleweka.

Ukuta wa aina ile sio jiwe zima kutoka nje mpaka ndani. Una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, zimejengwa vizuri, na katikati ni kifusi kilichomiminiwa chokaa. Ukijenga hivyo kwa jiwe tupu unapata shida mbili, kwanza mawe hayalingani kimo kwa hiyo kadiri unavyopanda ukuta unaanza kuyumba na pima maji haikubali, pili zile nyuso mbili hazishikani, zinataka kuachana kama kitabu kilichofumuliwa mgongo. Dawa ya zamani, tangu Warumi, ni kusimama kila baada ya kozi (yaani safu) kadhaa za mawe ukalaza kozi kadhaa za matofali. Tofali zao ni bapa, nyembamba, unene wa sentimita nne hivi na upana kama kigae cha sakafu, na udongo kati ya tofali na tofali ni mnene karibu sawa na tofali lenyewe. Kozi hizo zinarudisha usawa, unaanza upya na jiwe, na kwenye majengo ya zamani zaidi matofali yalikuwa yanapita unene wote wa ukuta kwa hiyo yanafunga uso na uso. Kufikia karne ya 14 mara nyingi yalikuwa hayapiti tena, yanaishia usoni, na ndo maana wengi wanasema basi imeshakuwa mapambo. Mimi nakataa kusema hivyo moja kwa moja. Kazi ya kurudisha usawa iliendelea kuwepo, na fundi aliyezoea vizazi na vizazi kuona ukuta mzuri ni ule wenye mistari hawezi kutenganisha macho yake na timazi yake. Alianza na kazi, jicho likaizoea, likaipenda, akaanza kuicheza: mistari ikawa zigizaga, ikawa drafti ya jiwe na tofali kama ubao wa dama, ikawa miale inayotoka kwenye tao kama jua linachomoza. Angalia upande wa mashariki, zile apsi tatu, yaani sehemu zilizotokeza kwa mduara nyuma ya altare. Angalia chini ya ukingo wa paa, ile safu ya matao madogo madogo. Kila tao limejazwa kivyake.

Namna hii ya kujenga inafuata shule ya Konstantinopoli, Istanbul ya leo, mji mkuu wa Wabizanti wa miaka ile. Nesebar, enzi hizo ikiitwa Mesembria, ilikuwa bandari inayogombaniwa, leo iko kwa Wabulgaria, kesho kwa Wabizanti. Chini ya Tsar Ivan Alexander, mfalme wa Wabulgaria aliyetawala 1331 mpaka 1371, mji ulistawi, halafu 1366 Amadeus, mtawala wa Savoy huko magharibi ya Ulaya, akaja na meli zake akauteka ukarudishwa kwa Wabizanti, na 1453, mwaka ule ule Konstantinopoli inaanguka, ukaingia mikononi mwa Waosmani. Ukiona mji wenye rasi ya urefu wa mita mia nane na kitu tu umejaa makanisa vile ujue hela ya bandari ilipita hapo. Wenye mji hutaja makanisa arobaini.

Udongo wenyewe sasa. Uliandika kwamba ni "wa pinki" ukadhani ni rangi ya matofali iliyochujuka kwa mvua. Hapana, ndo ulivyo. Ni chokaa iliyochanganywa na matofali yaliyopondwa, Wabulgaria wanaiita horosan, na Waturuki wana jina hilo hilo karibu. Chokaa peke yake inaganda kwa kuvuta hewa, katikati ya ukuta mnene inaweza kukaa miaka bila kukomaa. Ukiponda tofali lililochomwa vizuri ukachanganya, ule unga unashikana na chokaa hata penye unyevu, na sio unga tu, wanaacha na chenga kubwa kubwa, ukiangalia kwa karibu unaziona zimekaa kama karanga kwenye kashata. Kwa jengo lililo juu ya ngema, bahari inapiga chini yake mwaka mzima, hiyo ni akili kubwa. Na uzuri wake mwingine, ule udongo ni laini kuliko tofali na jiwe, kwahiyo ardhi ikisogea kidogo udongo ndo unaopasuka, jiwe linabaki zima.

Sasa kuba. Ramani ya kanisa ni ya msalaba ndani ya mstatili, nguzo nne katikati zinabeba matao manne, kati ya tao na tao kuna pembe za pembetatu zilizopinda zinazogeuza mraba kuwa duara, juu ya duara inapanda shingo ya kuba yenye madirisha, halafu kuba. Paa la mbao linakalia ukuta kwa upole, kuba halina upole huo, linasukuma nje kila saa ya kila siku, na kazi ya mikono minne ya msalaba ni kulisukuma lirudi. Ni mizani. Likiwa zima linaweza kukaa miaka elfu, Ayasofya ya Istanbul, lililojengwa kama kanisa na kukamilika mwaka 537, bado ipo, japo nayo kuba lake la kwanza lilianguka mwaka 558 baada ya matetemeko. Ila ukitoa mkanda wa mbao uliooza, ukaweka nyufa za karne tano, halafu ukatikisa, nguzo moja ikisogea tu mizani yote imekwisha. Hapo tetemeko la 1913 ndo lilimaliza kazi.

Umeuliza kwa mshangao kwa nini upande wa altare umesimama wakati katikati hakuna kitu. Fanya jaribio: chukua karatasi isimamishe, inaanguka, ikunje kidogo iwe nusu duara uisimamishe tena, inasimama. Apsi ni ukuta uliokunjwa. Tena ni tatu, zinaegemeana, na kila moja ina nusu kuba dogo ambalo halihitaji nguzo yoyote. Ndo maana kwenye magofu mengi ya Balkani kitu cha mwisho kuanguka ni mgongo wa kanisa.

Na ukitaka kuiona tofauti ya paa na kuba kwa macho, si ulipita pale katikati ya mji kwenye gofu la Mtakatifu Sofia, wanaloliita Stara Mitropolia? Lile ni la zamani mno, mwanzo wake karne ya 5 au ya 6, sura ya sasa ni ya karne ya 9 mwanzoni. Lilikuwa na paa la mbao. Paa limekwenda, na matao yake ya ghorofa mbili yamesimama vile vile kwa mstari, manake hakuna kilichokuwa kinayasukuma pembeni.

Habari ya fundi aliyekufa. Jina Aliturgetos ni la Kigiriki, maana yake lisilo na liturujia, yaani ambalo halikusaliwa. Simulizi ya mji ni hiyo uliyoambiwa na yule mama wa mgahawa, kwamba mtu alidondoka wakati wa ujenzi na kwa sheria ya kanisa likawa haliwezi kuwekwa wakfu. Ichukue kama simulizi ya mji, iheshimu, lakini usiiandike kwenye ripoti yako kama historia. Mimi ninachokiona ni kwamba watu waliliangalia jengo zuri kuliko mengi, wakakuta jina hilo la huzuni, wakamkumbuka fundi. Na ukiwa umeshazijua zile safu za mirunda unaelewa simulizi hiyo ilizaliwaje, maana mtu aliyesimama juu ya mbao mbili zilizoning'inia ukutani, chini yake ngema, chini ya ngema bahari, kila mtu mjini alikuwa anamwona.

Swali la mwisho ndo lililonigusa, kwa sababu nimefanya kazi na majengo ya chokaa ya mwambao wetu miaka mingi na nimeona zege likifanya nini. Kuna nyumba moja ya zamani, sitaitaja wala waliohusika, ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, ulikuwa na unyevu kidogo chini. Wakaja watu wenye nia njema wakaupiga lipu ya saruji, nje na ndani, ukawa laini unapendeza. Ukuta wa chokaa unapumua, maji yanaingia na kutoka, saruji ikaziba, maji yakapanda ndani kwa ndani yakatafuta njia, chumvi ikaanza kusukuma, mvua ya pili ile lipu ikaanguka kwa mabamba na kila bamba likaondoka na uso wa ukuta wa asili. Unyevu wa kimo cha goti ukawa wa kimo cha bega. Niliokota bamba moja, nyuma yake limebeba matumbawe ya watu waliokufa zamani, sikuwa na la kusema.

Kwa hiyo unaposema wamwage zege, fikiria kuba la zege juu ya kuta zile. Ni zito, ni gumu, halikubali kusogea, na chini yake kuna udongo laini uliozoea kusogea, tena mkanda haupo. Tetemeko lijalo kuba la zege halitavunjika, litazivunja kuta. Huo ni upande wa nguvu. Upande wa ukweli upo pia. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao wahifadhi dunia nzima wanaufuata, unasema ukarabati unakoma pale makisio yanapoanza. Vipande vilivyopo unaweza kuvirudisha mahali pake, unachoongeza kitambulike kwamba ni kipya. Shingo ya lile kuba ilikuwa na madirisha mangapi, vigae vyake vilipangwaje, fundi wa zigizaga zile aliamua nini huko juu, utamkisia tu, na mtu aliyefanya kila tao liwe tofauti na jirani yake ni mtu wa mwisho duniani wa kumkisia. Mji wote uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1983, na nadhani wamefanya sawa kuimarisha kilichosimama wakaishia hapo.

Halafu wewe ni mwanafunzi wa ujenzi. Kanisa zima linakuficha, plasta na michoro ndani, paa juu. Gofu limekufungulia ukuta ukauona utumbo wake, kozi kwa kozi, kifusi, mfereji wa mbao, shingo ya kigae. Hakuna maabara hapo chuoni kwenu itakayokupa hicho.

Ukirudi, na nakuomba urudi kabla hujamaliza masomo, anza na kanisa la Kristo Pantokrator, limesimama zima karibu na lango la mji, la enzi hizo hizo za karne ya 13 na 14, urefu mita 16 na upana haufiki 7. Kuba lake lina shingo ya pembe nane, liangalie mpaka likukae kichwani. Utakuta pia mgongoni kwake mkanda wa swastika za matofali, usishtuke, ni alama ya zamani sana, fundi aliyezipanga aliishi miaka mia sita kabla Wanazi hawajainajisi. Kutoka pale teremka kwa Mtakatifu Yohane asubuhi mapema, jua likitoka baharini linapiga apsi zile kwa ubavu na kila kozi inatoa kivuli chake. Beba tepu, nipimie umbali wa safu mbili za matundu ya mirunda upande wa kusini na upande wa kaskazini, uniandikie kama ni sawa. Na ule udongo wa pinki uguse kwa kiganja tu, usiukwangue kwa ukucha.